Filamu ya Wavamizi na Filimbi ya Baba

Katoro, Jumamosi, saa nane mchana

Leo vumbi limenishinda. Nimefagia chumba mara mbili na bado nikikaa kitandani nasikia mchanga kwenye shuka. Malori ya mawe ya dhahabu yanapita tangu asubuhi kwenda kwenye makarasha, mashine za kuyasaga, na kila likipita moja dirisha langu linatetemeka. Nina hasira tangu nilipoamka. Ningependa kulisingizia vumbi, lakini vumbi halina kosa.

Shajara, nilipokufungua niliahidi kwamba humu sitaandika uongo. Jana nimeandika uongo kwenye karatasi ya shule, nikausaini na kuugongea muhuri. Na Jumanne nilifanya jambo baya kuliko hilo. Nianze na Jumanne, maana nikiliweka mwisho nitalikimbia.

Jumanne mchana Mama alinipigia simu. Anaishi peke yake kijijini kwetu, ukishapita Mhunze, tangu Baba alipofariki. Mimi nilikuwa nakula na walimu wenzangu, wali na dagaa wa Nkome. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndama wawili wa jirani wamekufa, mtoto wa jirani huyo huyo naye anaumwa, na wamekwenda kupiga ramli. Tangu warudi hawamsalimii. Akinamama wakikutana naye kisimani wanamtazama machoni, kisha wanageukia ndoo zao.

Macho ya Mama ni mekundu. Amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi umemkalia machoni. Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Vikongwe wenye macho mekundu wamevamiwa majumbani mwao kwa mapanga, wakaitwa wachawi wakiwa wameshazikwa na hawawezi kujibu.

Nikamwambia, "Mama, nipo kwenye chakula, nitakupigia."

Leo ni Jumamosi. Sijampigia.

Sasa la fomu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa bweni la wasichana katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji. Ijumaa ijayo tunafunga. Kila tukifunga, kidato cha tatu wanaoneshwa filamu moja ukumbini, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, na safari hii walipiga kura wakachagua ya kutisha: watu wanne waliofunika nyuso wanavamia nyumba ya familia moja. Mkuu wa Shule akawaogopa wazazi. Akaniletea flashi ndani ya bahasha, pamoja na fomu ya kamati ya malezi, akasema, "Madam Kabula, wewe ndiye unayewajua hawa mabinti. Iangalie yote, uandike inafaa au haifai." Namna alivyoishika ile bahasha, ungedhani ndani kuna nge.

Jana mchana wenzangu walipokwenda michezoni, nikafunika dirisha la ofisi kwa kanga, nikaketi mbele ya kompyuta.

Nikiri kwamba nilianza kwa kucheka. Filamu ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale madijei wetu wanaoongea juu ya filamu, na huyu hana huruma hata kidogo. Mama wa ile nyumba akipiga kelele, dijei anamwita shangazi na kumshauri akachukue mwiko jikoni. Wavamizi anawaita masela. Nyumba yenyewe ina vioo kila upande, haina nondo hata dirisha moja, na mlango wa nyuma wameusahau wazi. Hapa Katoro mwenye nyumba ya namna ile asingemaliza wiki. Nusu ya mabinti wangu baba zao wako kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wanachimba, na nyumbani kukijulikana kuna mawe mazuri yamelala uvunguni, wanajua mlango unavyovunjwa kwa fatuma, lile jiwe kubwa linalobebwa na watu wawili watatu na kurushwa kwa pamoja. Binti mmoja alinisimulia hayo huku anamsuka mwenzake, wala hakuacha kusuka. Nikawa najiuliza kamati ya malezi inataka kumlinda na kitu gani.

Nikawa najaza fomu taratibu. Matusi: machache. Mapenzi: hakuna. Damu: kidogo. Umri unaofaa: nikaandika kumi na tano, nikapiga mwayo.

Dakika ya hamsini na mbili nikaisimamisha.

Hakuna aliyekufa dakika hiyo. Mama wa ile nyumba amefanikiwa kutoka hadi bustanini, anaita. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba nyingine, taa inawaka, watu wanakula. Mwanamume wa nyumba hiyo anakuja dirishani na kumwona. Picha inamkalia usoni muda mrefu, hata dijei akanyamaza, mara yake ya kwanza tangu filamu ianze. Kisha yule jirani anavuta pazia na kurudi mezani.

Nilitoka nje nikanywa maji bombani kwa viganja. Niliporudi nikachomoa flashi bila kuimaliza. Kwenye fomu nikakata "kidogo", nikaandika "nyingi". Maoni ya mlezi: Haifai, ina damu nyingi. Sahihi. Muhuri.

Damu ya filamu ile haijazi kikombe cha chai.

Leo asubuhi nikiwa naanika nguo, akaja Minza. Huyu ni kiranja wa bweni, binti wa wavuvi wa Nkome, mdomo wake hauna breki lakini adabu anayo. Akapiga goti, "Shikamoo Madam." Nikaitikia marahaba nikijua kilichomleta.

"Madam, tumesikia umetukatalia filamu."

"Ina damu nyingi."

Akanitazama kwa heshima na kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima mwenye kipande cha mchicha kwenye jino. "Madam, mbona ile haina damu? Sisi tumeshaiona. Bweni zima. Likizo iliyopita vibanda umiza vyote vya video vilikuwa vinaionesha."

Nikamuuliza sasa wanaitakia nini tena.

"Tulitaka tuione na nyie walimu," akasema. "Tuone nyie mnaogopa wapi."

Nilishika kibanio cha nguo nikawa nakifungua na kukifunga. Minza akadhani namruhusu kuendelea. "Halafu Madam, kuna kitu tunabishana tangu juzi. Yule mama anaita muda wote ule na mtu anamwona kabisa. Kwao hawana mwano?"

"Nenda kafue, Minza."

Akaenda. Nami nimekuwa na hasira mpaka sasa, na sikuwa na haki ya kumkasirikia.

Nieleze mwano, kwa watakaosoma hapa na hawajakulia Usukumani. Mwano ni yowe la hatari. Ukilisikia huulizi ni la nani wala kuna nini, unatoka na fimbo yako na wewe unalipokea, unapiga, mpaka kijiji cha pili wakusikie nao wapokee. Asiyetoka anatozwa ng'ombe, na akikataa kulipa anatengwa, hapewi hata kaa la moto. Kijijini kwetu waliongeza sheria moja baada ya wezi wa mifugo kuwavizia wanaume wawili njiani: mtu asikimbilie mwano peke yake. Kila mwanaume asimame mlangoni kwake na kusubiri filimbi ya kamanda wa sungusungu, ili watoke pamoja.

Kamanda alikuwa Baba. Filimbi ilikaa kwenye msumari, sebuleni, juu ya kiti chake.

Nilikuwa darasa la saba, miaka kumi na minne, mdogo hata kuliko hawa tunaowajazia fomu. Miezi miwili kabla tulikuwa tumemzika mdogo wangu, alikufa kwa degedege. Ndugu zake Baba wakapiga ramli, wakarudi na jina la Bibi Nkwimba. Bibi Nkwimba alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa nyuma ya zizi letu. Alinifundisha kubangua karanga bila kuumiza kidole, na kila nikipita kwake alinitilia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni. Naye alikuwa na macho mekundu. Nilisikia jina lake likitajwa kwa kunong'ona nyumbani na sikumwambia mtu, wala sikumwambia yeye.

Jioni moja jua lilikuwa limetoka kuzama. Tulikuwa tunakula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, Mama ameyaunga kwa karanga. Mwano ukaja kutoka nyuma ya zizi. Nikanyanyuka na tonge mkononi, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, miguu inatangulia.

Baba akasema, "Kaa ule."

Ukaja wa pili. Mama akanyanyuka. Nilishusha pumzi, nikajua sasa anatoka. Mama akaenda mlangoni, akaufunga, akapachika komeo, akarudi kukaa.

Wa tatu ulikuwa mfupi.

Baba akamalizia tonge lake. Akanawa, akakung'uta mikono, akachukua filimbi msumarini, akafungua mlango na kuanza kupuliza huku anakimbia. Wanaume wakatoka nyumba zote, waliokuwa wamesimama milangoni mwao wakisubiri sheria. Baba alifika wa kwanza. Waliomuua Bibi Nkwimba hawakukamatwa, na hakuna aliyetozwa ng'ombe, kwa sababu filimbi ilipulizwa na watu walitoka.

Msibani walimsifu. Nami ningeweza kuamini kwamba alizubaa, au aliogopa, mtu huogopa. Lakini niliona miguu yake chini ya meza. Baba hakuwahi kuingia na viatu ndani, Mama angemchamba. Siku hiyo alikula amevaa viatu, na kamba amezifunga.

Alijua kwamba baadaye atatakiwa kukimbia.

Hakuna aliyekaa na fomu kuuliza kama jambo lile linanifaa kwa umri wangu. Asubuhi yake nilipelekwa shule kama kawaida, na nyumbani halikuzungumzwa tena. Funika kombe mwanaharamu apite. Baba alizeeka kwa heshima, na alipokufa wakaweka filimbi juu ya jeneza lake, na mimi, mwanawe msomi, nikasoma wasifu wa marehemu. Nilisoma vizuri. Nilisema alikuwa wa kwanza kufika penye shida.

Kwa hiyo ndiyo, niliposimamisha filamu dakika ya hamsini na mbili nilikuwa sijali mabinti wataota nini. Nilikuwa navuta pazia. Wao wameshaiona na wamelala usingizi wao. Walikuwa wanatuomba sisi tuiangalie, na mimi nimewagongea muhuri.

Lakini hilo bado ni jepesi. Kuna kitu nimekizunguka tangu mwanzo wa andiko hili na sasa nakiandika.

Miaka ishirini na minne namlaumu Baba, na Mama nimemlaumu zaidi. Kwa sababu ya komeo. Baba walau alikuwa amemzika mtoto na kichwa chake kimejazwa maneno ya ramli, lakini Mama alikwenda kisimani na Bibi Nkwimba kila siku, walibebeana ndoo, anajua yale macho yalitokana na nini kwa sababu moshi wenyewe ulikuwa mmoja. Jumanne aliponiambia akinamama wanamtazama machoni na kugeuka, kuna kitu ndani yangu kilisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Umeujua sasa. Nilisikia karibu raha. Ndiyo maana nilisema nipo kwenye chakula. Wali wenyewe ulikuwa umeshapoa.

Nikamaliza sahani yote. Nikaongeza dagaa.

Mama alikuwa anapiga mwano, kwa namna mtu anavyoweza kuupiga mwano kwenye simu bila jirani kusikia. Na mimi nikamalizia tonge. Nyani haoni kundule, na huyu nyani ana shahada ya ualimu.

Naacha kuandika. Nampigia.

*

Saa tisa kasoro

Alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika. Nikasema shikamoo Mama, akaitikia marahaba, akauliza watoto wa shule hawajambo, akauliza mvua. Nikasikia kuku wake. Hakuulizia Jumanne. Nikamwambia nakuja kesho, nitapanda basi la kwanza la asubuhi, Kahama, Shinyanga, mpaka Mhunze, afunge vitu vyake tuje kukaa wote huku Katoro, kuna chumba.

Nikamsikia akifukuza kuku mlangoni.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu. "Unakuja, au unapuliza filimbi?"

Miaka ishirini na minne, na hilo ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwake kuhusu jioni ile. Nilidhani naitunza mimi peke yangu. Ningeweza kumuuliza kuhusu komeo, nafasi ilikuwepo, na nina hakika angenijibu. Sikuuliza. Nilisema, "Nakuja, Mama."

"Haya," akasema, na kwa sauti yake nikajua hajaniamini. Akaongeza kwamba jana mtu amekata kamba ya mbuzi wake, mbuzi hakuibwa, amekatwa kamba tu na kuachwa pale pale mlangoni. Kisha akaaga, anataka kuingiza kuku ndani, tena mchana huu wa jua kali.

Nilikaa kitandani nikihesabu. Basi la kwanza la kesho linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikilipanda nitafika alasiri, nimelala vizuri, nimeoga, nimekunywa chai. Nitafika nikipuliza.

*

Saa kumi na dakika ishirini, stendi

Naandika kwa simu, nimekalia begi. Kuna Hiace ya Kahama, dereva anasubiri abiria wawili. Nitafika Kahama giza limeingia, nitalala pale pale stendi, na alfajiri nitadandia chochote kinachokwenda Shinyanga. Kabla ya watu kutoka kanisani nitakuwa mlangoni kwa Mama. Binamu yangu mwenye bodaboda pale Mhunze nimempigia mara tatu ili akamchukue alale kwake leo. Hapokei. Nitampigia ya nne.

Nimepitia kwa Mkuu wa Shule kuomba ruhusa ya Jumatatu na Jumanne. Akauliza kuna nini, nikamwambia Mama yuko hatarini, nikamwambia na hatari yenyewe ni ipi, kwa jina lake, na yeye ni mtu wa huku huku, alielewa akatazama chini. Nikamwomba ile fomu. Nikaichana mbele yake na kujaza nyingine nikiwa nimesimama. Inafaa, kidato cha tatu. Sharti: walimu wote na wazazi wa kamati wakae na wanafunzi ukumbini mwanzo hadi mwisho, na dakika ya hamsini na mbili isirukwe. Ikiwezekana nisubiriwe nirudi. Nataka Minza aone ninapoogopa, na akiniuliza tena kuhusu mwano nimjibu.

Akasoma, akasema, "Madam, wazazi hawatakubali kukaa." Nikamwambia basi waandike wao sababu, na wasiandike damu.

Sijui kama nimemsamehe Mama. Sidhani. Nitakapomwona nadhani nitaona kwanza ule mkono uliopachika komeo, na yeye ataona mtoto aliyemwambia yuko kwenye chakula, na itabidi tupange vyombo kwenye boksi hivyo hivyo, tukipishana mlangoni.

Wenye shajara zao hupenda kumalizia kwa kusema kesho nayo ni siku. Bibi Nkwimba alihitaji jioni moja tu, na hakuufikia mwisho wake kwa sababu kwetu tulikuwa tunakula.

Abiria wawili wamepatikana. Dereva anapiga honi. Nyumbani nimeacha sufuria ya wali jikoni, imefunikwa, bado ya moto.

Sijala.